Vidole vya Bibi

Juzi, huku ughaibuni, mkahawani Edgware Road, mwanangu alishika gilasi ya maji, na nikaviona vidole vyake vimenenepa ng'ambo ya kioo. Nikakumbuka alasiri moja ya utotoni mwangu, mtaani Kilburn.

Bibi alikuwa mgonjwa, amekonda hata pete yake imezungushiwa uzi isianguke. Mwalimu wa madrasa alimwandikia kombe, aya za dawa kwa wino wa zafarani kwenye sahani nyeupe, na mama akaziosha kwa maji na marashi ya waridi, akamtilia kwenye gilasi. Chumba kizima kilinukia waridi. Nje mabasi yalinguruma. Bibi alipoishika gilasi, vidole vyake vilinenepa. Nikajua dawa imefanya kazi. Lakini kila alipopiga funda, maji yalishuka, na vidole vikakonda tena.

"Bibi, usimalize!" nikalia. "Ukimaliza utakonda!"

Alinitazama, akaitazama gilasi. Leo najua ni mwanga tu, hupinda ukipita kwenye maji na kioo. Yeye hakunieleza.

"Basi nijazie maji ya bomba, mjukuu wangu."

Nikamjazia. Akaishika mbele ya macho yangu, na hakuiweka chini mpaka niliposinzia.