Maziwa ya Anjela na Moto wa Bamdogo

Harufu ya chuma kinachochomelewa, ikichanganyika na pumba za mpunga kutoka mashineni, ndiyo utoto wangu pale Mlabani. Bamdogo wangu alikuwa fundi wa kuchomelea, na cheche zake, nakuapia, zilifika mpaka mtoni Kivukoni, mamba wakahama. Msimu ule wa mavuno trela za mpunga zilikuwa zinakatika kama miwa, kwa hiyo moto ulishinda unaunguruma uani. Kila siku alituonya tusiutazame bila kioo cheusi. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi guu zima, nikaponzwa na macho. Jumamosi asubuhi, kesho yake napokea komunyo ya kwanza, nikajifunika khanga ya mama nikachungulia. Nilidhani kitambaa kinachochuja tui kitachuja na mwanga.

Alasiri mchanga wote wa mto Kilombero ukahamia machoni mwangu. Mama akasema, "Gauni limeshonwa, jogoo kafungwa, na wewe umejipofua. Utasubiri mwakani." Nikalia, na machozi yenyewe yakaniunguza. Bamdogo akanishika mkono hadi kwa jirani, Mama Anjela, aliyekuwa ananyonyesha, maana dawa ya mafundi ilikuwa maziwa ya mama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mchungulia jua. Lala chali."

Akanikamulia matone machoni. Kichanga chake Anjela kikapiga kelele mpaka Katindiuka wakasikia. "Nyamaza mwanangu," akakibembeleza, "dada yako anakula kwa macho." Sijui yalikuwa maziwa au usingizi, lakini Jumapili nilifika altareni bila kushikwa mkono, macho yamevimba kama ya chura.

Krismasi iliyopita Anjela huyo huyo alirudi kutoka ng'ambo anakosomea utengenezaji wa chipu, akainyooshea kidole simu yangu. "Dada, chipu ya humu, kile kijibamba ambacho ndicho ubongo wa simu, imechongwa na moto, ndugu yake ule wa bamdogo. Gesi inafungiwa kwenye chumba kilichonyonywa hewa, inapigwa umeme mpaka inawaka. Inaitwa plazma. Inachonga vijia vyembamba kuliko unywele uliopasuliwa mara elfu."

Bamdogo, mzee sasa, akatazama kidole chake kinene. "Mimi mshono wangu mwembamba kabisa ulikuwa huu," akasema, akacheka.

Mimi nilikuwa na swali moja tu. "Na wewe huo moto unautazama?"

"Kupitia kidirisha maalumu, dada."

"Haya. Usije ukachungulia kwa khanga. Mama yako siku hizi ana wajukuu, maziwa hana."