Glukosi ya Vifaranga

Juzi nilikwenda Buswelu kwa mdogo wangu, akanionyesha banda lake jipya la kuku. Taa nyekundu zinaning'inia juu ya vifaranga, maji yanakuja yenyewe kwa bomba. Nikasimama pale mlangoni na wivu umenijaa kifuani. Si wivu wa banda, ndugu yangu. Niliwaonea wivu vifaranga. Mtu mzima, nina watoto sekondari! Sijui kama jambo kama hili huandikwa, mimi niliishia darasa la saba, lakini acha niliseme.

Nilikuwa na miaka minane, tukikaa mlimani Kirumba. Baba alikuwa amepunguzwa kazi kiwandani, yeye na wenzake wengi, na mtaa mzima ukaanza kufuga kuku wa kisasa. Mama akaleta vifaranga mia kwenye boksi lenye matundu. Ilikuwa Julai, upepo wa ziwani unapanda asubuhi mpaka mawe ya uani yanauma nyayo.

Akawazungushia kadibodi chumbani nilikolala, akamwaga maranda, akaweka jiko la mkaa katikati. Juu ya kadibodi akatandaza blanketi. Blanketi langu. Kusema haki, nilihamishiwa kwa bibi, na bibi alikuwa na joto la kutosha. Lakini lilikuwa langu.

Halafu maji. Mama aliyachemsha, akayapooza, akayajaribu kwa kiwiko, akatia glukosi. Glukosi! Sisi tuliilamba tukiugua malaria tu, kijiko kimoja baada ya dawa chungu. "Kifaranga akihisi baridi hanywi," alikuwa akisema, "na asipokunywa, hali." Akiinama kuwawekea, sauti yake ililainika: "Kunyweni, wanangu." Mimi siku hizo niliitwa "we mtoto, toka hapo."

Siku ya tatu akashuka soko la Mwaloni kununua dagaa. Akaniachia kazi moja: saa nne niwabadilishie maji, yawe ya vuguvugu. Nikafungua pakiti ya glukosi nionje. Nikaonja mpaka ikabaki nusu. Maji nikayachota mtungini yakiwa ya baridi vilevile. Kisha nikavuta blanketi langu, nikajifunika kidogo tu, kwenye kona.

Nilizinduliwa usingizini na kelele za jirani yetu, mama mmoja wa Kihaya, aliyerudi kutoka sokoni pamoja na mama. Jiko lilikuwa limezimika. Vifaranga walikuwa wamerundikana upande mmoja, wanapandana wakitafuta joto, na mama alikuwa akiwatoa wa chini mmoja mmoja. Kumi na moja walikuwa wamekufa.

"Mdomoni una nini?" mama akaniuliza.

"Sina kitu, mama."

"Hee!" jirani akadakia. "Mdomo mweupe kama amekula chokaa! Mwenzangu, huyu anawaonea wivu kuku. We binti, manyoya utaota lini?" Akacheka mpaka akashika ukuta.

Mama hakucheka. Wawili kati ya wale waliokufa walikuwa wamezubaa tangu jana yake, hilo nalisema kwa haki. Lakini tisa ni wangu.

Nilingoja fimbo. Mama akawasha jiko upya, akatandaza blanketi, akainua pembe yake. "Ingia. Si ndicho unachotaka?" Nikaingia nikakaa kwenye maranda, akanijaza vifaranga mapajani, wanatetemeka kama moyo wa mtu aliyekimbia. "Wapashe moto." Akaketi upande wa pili, akachovya midomo yao kwenye maji, mmoja baada ya mwingine, mpaka adhuhuri. Nilipata joto langu, blanketi langu, na mama karibu kiasi cha kusikia pumzi yake. Akasema tena, kwa ile sauti laini, "Kunyweni, wanangu." Nikainua macho nione kama ananitazama. Alikuwa ameinamia sahani ya maji.

Chumba kile siku hizi kimepangishwa, anakaa fundi simu. Kuku wale tuliwauza wote, na jirani alirudi kwao Kagera. Mama tulimzika. Miaka yote niliyokuwa naye sikumwuliza kama asubuhi ile na mimi nilihesabiwa kwenye lile "wanangu". Mara nyingine nasema alinihesabu, mara nyingine nasema najipendelea. Vifaranga wale hawakuhitaji kuuliza.