Gunia la Bomba

Juma lililopita nilikaa barazani pa ofisi moja hapa Lushoto, mimi na wenzangu tukimsubiri bwana mkubwa tangu asubuhi. Ukungu ulikuwa umetuingia mpaka mifupani. Mbele yetu mtunza bustani alikuwa amekausha kidimbwi cha bustani, na sasa alikuwa analiviringishia magunia bomba linalorusha maji katikati yake.

Mama mmoja wa Mlola, aliyejikunyata ndani ya kanga, alimwita.

"Mwanangu, bomba hilo unalifunika kwa nini?"

"Shikamoo, mama. Kipupwe kimeingia. Maji yakiganda, bomba linapasuka."

"Marahaba. Yamewahi kuganda hapa?"

Akasimama, kamba mkononi. "Hapana. Mzungu aliyelijenga alituagiza tulifunike kila mwaka, kama kwao."

"Si alishaondoka?"

"Aliondoka. Lakini hakuna aliyetuambia tuache."

Mama akanyoosha kidole kwenye gunia lililobaki. "Basi nipe hilo nijifunike."

"Hilo ni la bomba, mama," akajibu kwa huruma kabisa, akalifunga juu ya mengine.

Mama akarudisha mikono kwapani. Ndugu wasomaji, bendera tulishabadilisha. Baridi ya Mzungu bado tunaitunza. Ya kwetu tunakaa nayo barazani.