Mchezo wa Kumnyatia Mlinzi

Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilikuwa kidato cha pili katika shule ya bweni ya wasichana, Iringa. Nilitoka milimani, Mbeya, na Kiswahili changu kilikuwa bado kimejaa Kisafwa, kwa hiyo sikuwa msemaji. Nilikuwa mchoraji. Ndivyo nilivyotunga mchezo ambao bweni zima liliuita Nyatia, na ndivyo nilivyomponza mzee mmoja akapoteza kazi.

Nilichora bustani kwenye karatasi ya grafu: miti, ukuta, ghala. Harage jeusi lilikuwa mlinzi, punje ya mahindi ilikuwa mwizi. Mwizi akisogea mraba mmoja, mlinzi naye anasogea mmoja, ila mlinzi ana njia yake iliyochorwa kwa wino na haiachi. Anaona mbele yake tu, moja kwa moja, mpaka mti umzuie. Akikuona, umekwisha. Ukilifikia ghala, umeshinda.

Bado naamini ulikuwa mchezo mzuri. Haukuwa na bahati nasibu. Ukikamatwa, umejikamatisha mwenyewe. Mtu mkimya aliweza kumshinda mwenye maneno mengi. Nimeona wasichana wakiinamia karatasi ile kuanzia chakula cha mchana mpaka kengele ya saa kumi, mvua inanyesha nje, na hakuna aliyegombana na mwenzake. Kasoro zake alizisema rafiki yangu, msichana wa Makongolosi aliyelala kitanda cha juu yangu.

"Ukishaijua njia, basi, hakuna mchezo tena," aliniambia. "Na anayemsogeza mlinzi anafanya nini? Anasogeza tu kama mashine. Mimi sitaki tena kuwa mlinzi."

Kasoro ya kwanza niliitibu kwa kuchora bustani mpya kila wiki. Ya pili sikuwa na jibu lake, na wala sikulitafuta.

Bustani zangu zilipoanza kufanana, nikachungulia dirishani. Nyuma ya darasa letu palikuwa na bustani ya mapichesi ya shule, na mlinzi wake wa mchana alikuwa mzee wa Kihehe tuliyemwita babu. "Kamwene, wanangu," alitusalimia kila asubuhi, kisha akasimama mpaka tumjibu. Mguu wake wa kushoto ulikuwa na kidonda cha siku nyingi, kimefungwa kitambaa. Kila akimaliza mizunguko miwili alikwenda kwenye bomba la jikoni, akageukia ukuta, akafungua kitambaa na kuuosha mguu polepole. Nilimwangalia kwa majuma mawili, nikihesabu hatua zake badala ya kusikiliza somo. Kwenye karatasi nikaandika: mlinzi akifika bombani anasimama zamu sita, haoni kitu.

Wasichana walishangilia. Hakuna kitu nilichowahi kutunga kilichosifiwa kama zile zamu sita, na mimi nilitembea bwenini siku ile kifua mbele.

Jumamosi moja mchana rafiki yangu alikuja kuazima karatasi ile kwangu. "Tunataka kujua kama ni kweli," alisema. Nilijua maana yake. Nilimpa. Waliingia bustanini wanne, wakati babu anaosha mguu, wakasafisha miti mitatu na kuvunja matawi yake. Matunda yale yalikuwa yametunzwa kwa ajili ya wageni kutoka wilayani. Mimi sikwenda, lakini nililetewa mapichesi manne na niliyala yote.

Jumatatu, mstarini, mwalimu mkuu alimsimamisha babu mbele yetu.

"Ulilala," alimwambia.

"Sikulala, mama. Nilikuwa naosha mguu."

"Mguu gani huo wa kuoshwa mpaka miti mitatu inaisha? Au mligawana?"

Baadhi yetu walicheka. Babu alivua kofia, akaishika kwa mikono miwili, akatutazama mstari mmoja baada ya mwingine. Alipofika mstari wetu nikaangalia viatu vyangu. Karatasi, waliyokwisha kunirudishia, ilikuwa kwapani mwangu, ndani ya daftari la Baiolojia. Akaambiwa amalizie juma lile, kisha asirudi tena.

Alhamisi nilimfuata bustanini. Nilimwamkia, nikamkabidhi karatasi na harage lake, nikaanza kulia kabla sijasema neno. Alingoja ninyamaze.

"Haya, nieleze."

Nikamweleza: huu ukuta, hii miti, huu wino ndio njia.

"Na hili harage?"

"Ni wewe, babu."

Aliifuata njia ya wino kwa kidole mpaka bombani, akakiacha kidole pale.

"Umeniangalia vizuri," alisema. Angekasirika ningepata nafuu, lakini hakukasirika. "Ila huyu wako anaona au haoni, basi. Mimi nimewaona ninyi mara nyingi mkiokota yaliyoanguka. Najua chakula chenu hakitoshi, nikageukia kwingine. Hawa wa Jumamosi ndio kweli sikuwaona."

Akanirudishia karatasi.

"Utamwambia mwalimu mkuu?"

"Nitamwambia, babu."

"Leo?"

"Leo."

Nilikwenda moja kwa moja. Mlango wa ofisi ulikuwa wazi, na mwalimu mkuu akainua macho. "Unataka nini?"

Niliwaza kufukuzwa. Niliwaza basi la kurudi Mbeya, na baba yangu stendi akilipokea sanduku langu bila kuniuliza kitu.

"Chaki, mwalimu," nikasema.

Akanipa boksi zima. Nilirudi darasani kwa kuzungukia upande wa mabweni, ili nisipite bustanini.

Kesho yake babu alitusalimia kama siku zote, akasimama akingoja jibu. Nilijibu pamoja na wenzangu. Hakunitazama zaidi ya alivyowatazama wao, na hakuniuliza. Jumatatu iliyofuata alikuja mlinzi mwingine, mwenye mbwa.

Kisa hiki nimewasimulia watu wachache, mume wangu akiwa mmoja wao. Kila mara nimesema kwamba nilimwambia mwalimu mkuu, akakataa kunisikiliza. Sikumwambia.