Muhtasari Nilioandika Mara Mbili

Siku niliyoripoti kazini, nikiwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, mkuu wa idara hakunipa hata kiti. "Binti, umeajiriwa kusikiliza," alisema. "Andika wanachosema wananchi, usiwaandikie cha kwako." Maboresho ya serikali za mitaa yalikuwa mapya wakati huo, nasi tuliyaamini.

Utaratibu ulikuwa kwamba mpango uanzie kijijini. Watu walikutana, wakataja shida zao na kuamua ipi itangulie. Muhtasari, yaani kumbukumbu rasmi za kikao, ulipanda kwenye kata hadi halmashauri.

Katika kijiji kimoja cha visiwani, ndani ya delta ya Rufiji, ambacho sitakitaja, wa kwanza kusimama alikuwa Bi Zaituni, mkulima wa mpunga. "Tunataka zahanati," alisema. "Wanetu wanajifungulia mitumbwini." Kikao kizima kiliafiki. Haukupita muda, wakaanza kufyatua matofali wenyewe.

Uchaguzi ulipokaribia, mkurugenzi wa halmashauri aliniita. Diwani alikuwa ameketi pembeni yake.

"Zahanati itajengwa kule barabarani," mkurugenzi alisema.

"Barabarani kituo kipo tayari, Mkurugenzi."

Diwani akacheka. "Na wapiga kura wako huko huko. Visiwani nitapata kura ngapi?"

Mkurugenzi hakucheka. Alinisogezea karatasi. "Andika muhtasari mwingine. Uonyeshe kwamba wanakijiji wenyewe wameridhia."

Nilikuwa na watoto watatu shuleni, na mume mgonjwa. Nikaandika. Nikatia sahihi.

Mwaka uliofuata binti wa Bi Zaituni alishikwa na uchungu maji yakiwa yamekupwa. Mtumbwi uliokuwa ukimpeleka hospitali ukakwama kwenye tope la mikoko. Maji yalipojaa tena, yeye na kichanga chake walikuwa wameshafariki.

Nilisafiri kwenda msibani. Bi Zaituni alinisogezea mkeka, akauliza taratibu, "Mwanangu, yale tuliyokwambia, uliyaandika?"

"Niliyaandika, mama."

Nikaketi kwenye mkeka wake.

Diwani alishindwa uchaguzi, ingawa zahanati yake ilijengwa kule barabarani. Mkurugenzi alipandishwa cheo. Mimi niliendelea kuhudhuria semina. Maboresho yalibadilishwa majina, fomu zikaongezeka kurasa, na kila mwezeshaji alituhimiza tuwashirikishe wananchi. Nilikuwa nikiinamisha kichwa na kuandika.

Sasa nimestaafu, nalima Ruaruke. Ninyi vijana mnaoanza kazi mnaniuliza mfanye nini siasa ikiingia ofisini. Sina ushujaa wa kuwasimulia. Siku ile sikutishiwa kifungo wala kufukuzwa kazi. Nilichoogopa ni kuhamishiwa mbali na wanangu, basi. Nikakubali kuandika uongo ili nibaki nilipo, na haikutimia miezi mitatu, barua ya uhamisho ikaja.