Marahaba ya Baba

Kwenye ukuta wa chumba cha dharura tuna chati niliyoichora kwa mkono wangu. Inaonyesha mgonjwa wa kiharusi anachukua muda gani tangu avuke geti mpaka aonwe na daktari. Mimi ndiye nesi ninayeisimamia, na wazembe hawanipendi. Nimewafundisha wote, hata mlinzi wa getini: mtazame mtu mdomo kama umepinda, mwambie ainue mikono, msikilize anavyoongea.

Baba alikuwa amekuja kwangu Ifakara kutibiwa presha. Mpunga wake kule Idete ukaanza kukomaa, akataka arudi akaamie ndege wasiumalize. Nikamkatalia. Tulirushiana maneno jioni, akalala bila kula. Baba akinuna hajibu salamu. Ndivyo alivyo tangu tukiwa wadogo.

Alfajiri nilimsikia akiongea vizuri tu na jirani, ananisema mimi na mpunga wake. Nikazidi kukasirika. Nilipomaliza kuoga na kuvaa nilimkuta kibarazani na kikombe. Nikamwamkia, "Shikamoo baba." Kimya. Chai ikamchuruzika upande mmoja wa mdomo, ikalowesha shati. Niliona kabisa. Nikadhani anaitema makusudi, ananifanyia kiburi. Nikachukua mkoba nikaondoka, nikijisemea atajijua na chai yake.

Alasiri jirani alimleta kwa bodaboda, amembana katikati asianguke. Mlinzi alimtazama mdomo tu, akaita kitanda, na daktari akafika hapo hapo. Kisha daktari akaniuliza mzee alionekana mzima mara ya mwisho lini, maana dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda ina saa zake.

"Alfajiri alikuwa anaongea vizuri," nikasema. "Nilipotoka kuja kazini alikuwa hivi hivi."

"Ulimwona?"

"Nilimwona."

Daktari akaangalia saa. Akasema kwa sauti ya chini kwamba saa zimeshapita, wafanye yanayowezekana. Wenzangu wakajifanya wana shughuli, na mimi nikatamani ardhi inimeze.

Mwisho wa mwezi, kikaoni, mganga mfawidhi alionyesha chati. Mgonjwa aliyepokelewa haraka kuliko wote alikuwa baba. Nikapigiwa makofi, nikasimama, nikasema asante. Chati yangu inaanza kuhesabu getini. Kibaraza changu hakimo. Nilikaa chini, na sikumwambia mtu.

Sasa baba anakaa kibarazani na mkono wake mmoja mzima. Hanuni tena. Nikimwamkia anataka sana kuitikia. Anaanza "ma", anahangaika nalo, jasho linamtoka, nami nimesimama na mkoba namngoja amalize. Siku nyingine nikiwa na haraka ya kwenda kusimamia chati, natoka kwa mlango wa nyuma.