Kadi moja ya basi, watu wawili: jinsi mama mkwe wangu alivyokosa daktari wa macho

Wakuu, kabla ya salamu nimtaje mwenye kosa. Ni mkuu wa kituo cha mabasi ya haraka, zamu ya asubuhi, katika mji mkubwa wa nchi jirani. Wa pili ni karani wa dirisha la kadi katika kituo hichohicho. Mji na kampuni sivitaji hapa, kwa sababu nimewaandikia barua na utaratibu unataka wapewe nafasi ya kujibu kwanza.

Sasa nawasalimu kutoka mji wa Kamina, mkoani Haut-Lomami. Mimi ni mstaafu wa ofisi ya état-civil, yaani uandikishaji wa vizazi, ndoa na vifo. Nimezoea kuandika jambo siku linapotokea, na haya niliyaandika siku ileile. Siongezi wala sipunguzi.

Mama wa mke wangu ana mtoto wa jicho katika macho yote mawili. Mke wangu hawezi safari ndefu kwa sababu ya mguu, hivyo alinikabidhi mama yake nimpeleke kwa daktari aliyepatikana katika mji huo.

Nafasi yetu ilikuwa saa mbili na nusu asubuhi. Kliniki ilituonya: ukiitwa ukakosekana, jina linafutwa.

Hapa lazima nieleze desturi. Kwetu sisi watu wa kabila la Baluba, mkwe na mama mkwe hawagusani. Hawakai kiti kimoja, hawatazamani usoni. Tunaongea, lakini kwa umbali, kila mmoja ameangalia pembeni. Ni heshima, si ugomvi. Safari nzima kutoka Kamina nilitembea mbele, naye akafuata mlio wa viatu vyangu.

Mabasi ya mji ule hayapokei fedha mkononi. Unanunua kadi, unaigusisha kwenye mashine, kizuizi cha chuma kinazunguka, unapita. Mgeni hupewa kadi kwa pasipoti. Mimi nilikuwa nayo. Mama alisafiri kwa laissez-passer, karatasi halali ya safari yenye picha na muhuri. Karani aliigeuza mara mbili, akasema mfumo wake hauitambui.

"Basi mama atapitaje?" nikauliza.

"Mzee, moja inatosha. Weka nauli ya watu wawili, utamlipia humohumo."

Nikakubali, na hapo nakiri sehemu yangu. Kwetu mkubwa wa safari hulipa mara moja kwa watu wake wote, na wengine hupanda bila kuulizwa. Sikuona ajabu yoyote.

Saa moja na dakika kumi niligusisha kadi, nikapita. Nikanyoosha mkono nyuma kumgusishia mama.

Taa nyekundu.

Nikarudia. Nyekundu. Kumbe mashine inajua tu kwamba kadi hiyo imeshaingia na haijatoka. Mimi niko ndani, yeye yuko nje, anasukumwa na watu wanaowahi kazini, ananyoosha mikono kutafuta nilipo.

Mlinzi, mwanamke wa makamo mwenye sauti kubwa, akaniita. "Babu, rudi umkumbatie mpite pamoja! Kila siku watu wanapita hivyo."

"Siwezi. Ni mama mkwe wangu."

"Ndiyo vizuri, atakupenda zaidi!"

Foleni nzima ikacheka.

Mama akajifunika uso kwa kikwembe, kitenge alichojitanda. "Macho njo inakufa," akasema, "masikio iko muzima. Banatucheka. Turudie tu kwetu, baba."

Pembeni kulikuwa na lango dogo la mizigo. Nilimwomba mkuu wa kituo alifungue. Nikamweleza kwamba nauli ya mama imo ndani ya kadi, nikamwonyesha risiti na karatasi ya kliniki.

Alijibu bila kuinua kichwa. "Mfumo haumtambui huyo. Nikimpitisha, kwenye hesabu ya abiria atakuwa hayupo."

"Yupo. Ndiye yule pale."

"Mzee, nimeshasema."

Dakika chache baadaye akalifungua lango kumpitisha mtu mwenye godoro. Nilipouliza, akasema mwenye godoro ana kadi, na godoro halihitaji.

Wakuu, nitue hapo kidogo. Miaka thelathini na moja nilihudumia watu waliokuja na karatasi zilizoliwa na mchwa. Wengine walitoka Mulongo, kwa mtumbwi kisha pikipiki, bila karatasi yoyote. Sikuwahi kumwambia aliyesimama mbele yangu kwamba hayupo. Nilimkalisha, nikaita mashahidi wawili, nikaandika.

Nikatoka nje. Tukachukua teksi, mimi mbele, yeye nyuma. Mabasi yana njia yake peke yake, teksi haina. Tulifika saa tatu kasoro dakika kumi.

Jina lilikuwa limepigwa mstari.

Nafasi iliyofuata ilikuwa baada ya wiki sita, na kibali chetu cha kukaa kilibakiza siku tisa. Niliomba kiongezwe, nikakataliwa. Tukarudi Kamina.

Leo mama anatambua watu kwa sauti. Juzi mke wangu alimpakatisha kitukuu chake, mtoto mchanga wa binti yetu. Mama akampapasa uso wote kwa vidole, taratibu, kisha akauliza, "Iko anafanana na nani?"

Nilichojifunza ni hiki: mgeni asitegemee neno la mdomo la dirishani. Kila mtu awe na kadi yake, na asiyeweza kupewa adai karatasi yenye jina la aliyemwahidi kupita. Ninyi mliowahi kusafiri na jamaa asiye na pasipoti, andikeni hapa chini mlifanyaje. Na mwenyeji wa mji ule akiona nimekosea mahali, anisahihishe, nami nitarekebisha hadharani.

Kwa kampuni: barua yangu mmeipokea, nina karatasi ya posta inayothibitisha, na hadi leo hamjajibu. Nadai kuelezwa kwa maandishi ni kanuni gani iliyomzuia kupita mtu aliyelipiwa nauli, na ni nani aliyeitia sahihi. Mkuu wa zamu ile ajitaje kwa jina na cheo. Tena kampuni iiandikie kliniki kwamba mama huyu hakuchelewa bali alizuiliwa, ili arudishiwe nafasi yake kabla macho hayajafunga kabisa. Jibu liwe na tarehe, muhuri na sahihi ya mtu anayeweza kuulizwa.